TAHADHARI: "Kambi" ya kufundisha mbwa utii inayowaliza watu Dar

Wadau mnaofuga mbwa, hasa mlioko Goba, Madale na Mbezi, someni hili kabla hamjatuma hela.

Kuna jamaa anajitangaza Instagram na kwenye magrupu ya WhatsApp kuwa ni mkufunzi wa mbwa "aliyetoka kikosi cha polisi". Anamchukua mbwa wako wiki tatu, halafu eti unarudishiwa mbwa anayekaa, anayelala na anayekuja akiitwa. Hela yote anataka mbele, kwa simu. Jina la ukurasa silitaji kwa kuwa suala liko polisi, na keshalibadilisha.

Dada yangu alimpa Simba, German Shepherd wa mwaka mmoja ambaye kosa lake lilikuwa kurukia wageni. Ikaja video: Simba amekaa, sauti inasema "sit", imeisha. Ukiitazama vizuri unaona kamba imekazwa kwenda juu na mkono unaoivuta haumo kwenye picha. Masikio yamelala nyuma, mkia kaufyata, anajilambalamba midomo. Huyo mbwa hajaelewa kitu, anaogopa. Kisha meseji zikaanza: "Bosi, Simba kaharisha, tuma ya daktari." "Bosi, chakula kimepanda bei." Ukiomba risiti, kimya. Dada akitaka kwenda kumwona anaambiwa mbwa akimwona mwenyewe atavurugika. Siku ya kumrudisha nayo ikawa inasogezwa, mara gari bovu, mara yuko msibani Tanga.

Tulimpata Simba kupitia dereva wa bajaji aliyembeba siku ya kwanza. Hiyo "kambi" ni uani kwenye pagale, mabanda ya mabati, maji hakuna. Mbavu za Simba zinahesabika, shingoni manyoya yametoka duara zima mnyororo ulipopita, na ukinyanyua mkono hata kuchukua kikombe anajikojolea. Wageni harukii tena, kweli. Anaingia chini ya gari. Nilipoanza kuulizia nikapata wengine wenye kisa hiki hiki. Mmoja mbwa wake hajaonekana mpaka leo, anaambiwa katoroka.

Na hata ukimpata mkufunzi mwaminifu, usitegemee mbwa apelekwe mbali akarudi kaiva. Mwenye mbwa naye lazima afundishwe: kamba inashikwaje, neno linatamkwa lini, kipande cha maini cha zawadi kinatolewa papo hapo akitii au mbwa hataunganisha hayo mawili. Dakika tano hadi kumi kwa mara moja zinatosha, nyumbani kwako, mkufunzi akikusimamia. Wanaosema mnyama haelewi bila fimbo waende Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), wakaone shirika la APOPO linavyowafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini kwa mlio wa kidude na kipande cha ndizi. Magawa, aliyefundishwa hapo kisha akafanya kazi Kambodia, alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la kutibu wanyama la Uingereza, mwaka 2020. Panya huyo!

Kingine, mkufunzi wa kweli anaanza kwa kudai kadi ya chanjo. Huyu hakuiuliza hata siku moja, maana yake na mbwa wengine wa pale hajui wamechanjwa au la. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoharisha na kuua mbwa, ikiingia kwenye mabanda kama yale inapita nao. Kichaa cha mbwa ndiyo kabisa, dalili zikishaanza hakuna tiba.

Waliokwisha kulizwa, tunzeni meseji za miamala, namba yake itumeni 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo aandike hali aliyomkuta nayo, kwa sababu kutesa mnyama ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 na polisi wanahitaji hayo maandishi. Kama mbwa wako bado yuko kwake, usimpigie simu, atamhamisha. Nitumie ujumbe nikuelekeze nyumba ilipo, upitie kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa. Ameshalijua suala hili na amekubali kuongozana na wenye mbwa.