Kuchuja matusi kwenye meseji za wasikilizaji: uzoefu wangu na better-profanity

Nahudumia mfumo wa meseji wa redio moja ya jamii mkoani Morogoro. Msikilizaji anatuma ujumbe, unatokea kwenye kioo kilicho mbele ya mtangazaji, naye anausoma hewani papo hapo. Tusi la nguoni likipenya hapo limeshafika sebuleni kwa watu, watoto wamekaa, wakwe nao wapo, na hakuna wa kulirudisha. Ndiyo maana nikatafuta kichujio cha uhakika, na kwa miezi saba sasa natumia better-profanity, maktaba ya bure (yaani msimbo ulioandikwa tayari) ya lugha ya programu ya Python.

Kabla yake niliandika kichujio changu mwenyewe, kikaniaibisha. Kilikuwa kinasaka herufi za tusi popote zilipo, hata katikati ya neno. Mkulima aliyeandika "nitakopa pembejeo" akazuiwa. Soma herufi ya tatu hadi ya sita utaona kwa nini. "Kumaliza" nalo likazuiwa, "Himalaya" likazuiwa. Kosa hili ni la siku nyingi: mwaka 1996 wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, walishindwa kufungua akaunti za AOL, kampuni ya huduma za intaneti, kwa sababu ya herufi zilizojificha ndani ya jina la mji wao.

better-profanity inalinganisha neno zima, kwa hiyo "nitakopa" inapita salama. Kuiweka ni amri moja tu. Orodha inayokuja nayo ni ya Kiingereza, lakini inakuruhusu kupakia faili lako, neno moja kila mstari. Kilichonivutia zaidi ni kwamba inajua ujanja wa kubadili herufi: @ au 4 mahali pa a, 3 mahali pa e, 1 mahali pa i. Niliingiza "mshenzi" mara moja, na "msh3nz1" ikanaswa bila mimi kuongeza kitu. Kwa vijana wanaotuma meseji usiku, hilo peke yake limeniokoa mara nyingi.

Ila neno zima la Kiswahili halikai mahali pamoja. Mshenzi, washenzi, ushenzi, kishenzi: kwa maktaba hii hayo ni maneno manne yasiyojuana. Kitenzi ndiyo balaa. Chukua kitenzi kimoja cha matusi, kipe nafsi 6, nyakati 4 na mtendwa kwa nafsi 6, tayari una maumbo 144, na hujagusa kauli ya kutendwa wala ya kutendeana. Hakuna atakayeyaandika kwa mkono. Nilitengeneza programu ndogo inayopachika viambishi na kumwaga maumbo yote kwenye faili. Pia waandishi wa maktaba wenyewe wanaeleza kwamba ukiongeza herufi kwenye neno, kichujio hakilioni. Kwetu watu wanavuta sana, "mshenziii", basi kabla ya kuchuja nabana herufi yoyote iliyojirudia mara tatu au zaidi ibaki moja. Mbili sizigusi, maana "taa" na "kataa" ni maneno halali.

Yaliyonifundisha zaidi yalitokea kwenye kipindi cha wakulima. Asubuhi moja ya masika mtangazaji alinipigia: "Mdogo wangu, mbona leo wakulima kimya?" Nikafungua meseji zilizozuiwa. Ya kwanza ilisema, "Huku kwetu mvua imeanza kunya tangu usiku, tupande sasa au tusubiri?" Ya pili iliuliza mavi ya kuku yakae muda gani kabla ya kutiwa shambani. Ya tatu ilikuwa ya mama mwenye ng'ombe aliyevimba titi moja, maziwa yanatoka na damu. Watu watatu wenye shida ya kweli, wote nimewaziba mdomo kwa orodha niliyoiandika mwenyewe. Iliniuma, hasa ya yule mama, kwa sababu ng'ombe wa namna hiyo hangoji kipindi cha kesho.

Siku hiyo niligawa orodha mara mbili. Matusi yasiyo na maana nyingine yanazuiwa moja kwa moja. Maneno yenye nyuso mbili, kunya, mavi, titi, na "shoga" ambalo kwa mwanamke wa pwani ni rafiki yake, yanaingia kioo cha pembeni kwa rangi ya njano, mtangazaji anaamua. Pia niliacha kutumia kazi ya kuficha neno kwa nyota nne. Kwenye maandishi inafaa, lakini msomaji wa hewani akizifikia anakwama, na ukimya ule unawafanya wasikilizaji wabuni wenyewe. Naiachia maktaba kazi ya kugundua tu.

Ukitaka kuijaribu kwa Kiswahili, tenga wiki nzima ya kutengeneza orodha, na anza na meseji za watu wako mwenyewe. Mimi kila Ijumaa napitia zilizozuiwa pamoja na dada mtangazaji. Wiki iliyopita tulikuta moja tu iliyoonewa, tukampigia aliyeituma.