Kunguru wa Bothell: fika kabla jua halijazama

Tamasha hili halina tiketi wala mlango. Katika kampasi ya Chuo Kikuu cha Washington iliyoko Bothell, kaskazini-mashariki ya Seattle, Marekani, kunguru hurudi kulala kila magharibi, na majira ya baridi wamewahi kufika 16,000. Malalo yao ni mierebi na miti mingine ya kinamasi cha North Creek, ekari 58 zilizoanza kurudishiwa uoto wake mwishoni mwa miaka ya 1990. Kunguru walianza kuhamia hapo mwaka 2009 hivi, miti ilipokwisha songamana.

Wageni wengi hukosea saa. Katikati ya Desemba jua huzama saa 10:18 jioni (simu yako itaandika 16:18), na atakayefika saa 11 atakuta giza na kelele tu. Uwe umeshasimama mahali pako saa 9:40. Mwishoni mwa Januari ongeza dakika 45 hivi. Siku ya mawingu mazito wahi zaidi, maana nao huwahi.

Hawaendi mtini moja kwa moja. Kwanza hutua kwenye uwanja wa michezo na juu ya mapaa, wakapigiana kelele na kugombania nafasi. Kiza kikianza kuingia ndipo hushuka kinamasini kwa mafungu, weusi juu ya weusi. Hiyo awamu ya pili ndiyo yenyewe, na wengi huikosa kwa kuondoka mapema wakidhani mambo yamekwisha.

Ghorofa ya juu kabisa ya jengo la maegesho ndiyo hukuonyesha misururu ikiingia toka pande zote. Chini, kwenye njia ya mbao inayopita kinamasini, unapata ukaribu na sauti, pamoja na kinyesi. Mwavuli ni lazima hata kama hakuna wingu. Usitazame juu mdomo ukiwa wazi.

Darubini ya 8x42 (hukuza mara 8, lenzi ya mbele ina milimita 42) inatosha. Gawanya 42 kwa 8 upate milimita 5.25, upana wa mwanga unaolifikia jicho. Ile ndogo ya mfukoni ya 8x25 hutoa milimita 3 tu na kiza huishinda mapema. Kwa simu, rekodi video, kwani picha za jioni hiyo hutoka kama masizi yaliyomwagika. Ukitaka kuhesabu, chagua msururu mmoja, hesabu ndege kumi, angalia wanachukua nafasi kiasi gani angani, kisha endelea kwa makumi hayo kwa dakika moja.

Aliyezoea kunguru wa Dar es Salaam au Mombasa wenye shingo ya kijivu ataona tofauti mara moja: hawa ni weusi tii, mdomo hadi ukucha.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imepotea kwa baridi ya unyevunyevu inayopenya soksi, na kwa maegesho ya kulipia kuona kitu cha bure. Majira ya kuchipua usihangaike kwenda, maana wengi huwa wanalinda viota vyao kwingineko.

Gari usiliache chini ya miti au nguzo za taa. Likichafuliwa, lilowanishe kwa maji kabla ya kufuta. Kinyesi kikavu hukwaruza rangi.