Mpiga picha mgeni: Tequila au Arandas?

Ukitaka kuishi kati ya mashamba ya agave ya buluu, ndugu wa mkonge, jimboni Jalisco, Mexico, mji wa Tequila ni rahisi zaidi. Uko chini ya volkano, kilomita 60 hivi kutoka Guadalajara, na mandhari yake yamo kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Ila wikendi watalii hujaa.

Mimi ningehamia Arandas, mji wa nyanda za juu za Los Altos jimboni humo, japo ni mbali zaidi. Udongo mwekundu, majani ya buluu: alfajiri rangi hizo hazihitaji kurekebishwa. Mvunaji, yaani jimador, hukata majani kwa koa (kifaa cha mpini mrefu na bapa la duara lenye makali) mpaka ubaki moyo kama nanasi kubwa. Muombe ruhusa kwanza, halafu umrudishie picha iliyochapishwa. Hiyo ni haki yake.