Laini nne kwenye simu mbili: nimezilinganisha meseji na bando za huku kwetu, Kenya, Uganda na kwa shemeji Ulaya

Wife anasema nikikaa mezani nafanana na wakala wa kusajili laini maana nina simu mbili na laini nne, mbili za hapa nyumbani, moja ya Kenya, moja ya Uganda. Sio kupenda. Nauza nguo Kariakoo, mzigo naufuata Eastleigh Nairobi na mara moja moja naingia Owino pale Kampala, kwahiyo kila baada ya wiki kadhaa nipo kwenye basi na kila nikivuka mpaka kuna mtu ananikata hela. Nimekatwa vya kutosha sasa naona nina haki ya kuandika.

Kwanza niseme sitaweka bei za vifurushi hapa. Nikiandika leo kesho zimebadilika, halafu siku hizi kila namba ina ofa yake, mimi na kijana wangu wa dukani tuna laini za mtandao mmoja, wote tunaweka jero, yeye anapewa MB nyingi kuliko mimi. Nikauliza wakala akacheka tu akasema "wewe bro unaweka kila siku, wanajua huendi popote." Sijui kama ni kweli ila imeniuma.

Pili, watu wakilinganisha mitandao wanakimbilia GB. Mimi GB nimeacha kuziangalia. Naangalia vitu viwili tu, kifurushi kinakufa lini na kinanifia wapi. Ukishajua hayo mawili bei yenyewe utaijua mwenyewe.

Nyumbani hapa naipa 6 kwa 10. Kwa kweli kupiga simu ndani ya nchi kumeshuka sana, wanaokumbuka enzi za kuwa na laini ya kila mtandao ili umpigie wa mtandao huohuo watanielewa. Gharama ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine kupokea simu yako ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018, TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, wakaipangia kushuka kila mwaka mpaka ikafika shilingi 2.00 mwaka 2022, ndo maana siku hizi unapewa "dakika mitandao yote" na hakuna anayeshangaa. Ila ukiweka vocha kumbuka serikali nayo imo ndani, kuna ushuru wa bidhaa halafu VAT asilimia 18, kwahiyo buku yako haijawahi kuwa buku.

Tatizo la nyumbani ni masaa 24. Unajiunga asubuhi, unapewa dakika, MB na meseji. MB zinaisha saa nane mchana, dakika zinafuata jioni, meseji zinabaki kama zilivyo, zote, na kesho asubuhi zinakufa kama zilivyozaliwa. Wanatupa meseji nyingi kwasababu wanajua hatutumi, ni kama muuza mchele anayekujazia ndizi mbovu kwenye mfuko halafu anakuambia nimekuongezea. Mnakumbuka April 2021? Bei mpya za bando zilianza tarehe 2, watu wakaweka hela yao ileile wakaona MB zimepungua, kelele zikawa kubwa mpaka serikali ikasitisha bei zile fasta. Ile ndo siku niliyoamini kwamba bando kwetu ni kama sukari, ukiigusa nchi nzima inaamka.

Haya sasa mpakani. Hapa ndo nina kinyongo.

Wanaopita Namanga wanajua, simu yako inavuka kabla yako. Bado upo upande wa Tanzania unakula mahindi ya kuchoma, inaingia meseji karibu Kenya. Mara ya kwanza sikujali. Nilikuwa na elfu kumi na tano kwenye salio, sio kifurushi, salio, niliiweka makusudi nikifika Nairobi niweze kupiga. Data nimeiacha wazi, roaming, yaani laini ya nyumbani kutumia mtandao wa nchi nyingine, nimeiwasha mwenyewe kwa kufata ushauri wa mtu kwenye basi. Simu ikashika mnara wa upande wa pili, whatsapp ikaanza kushusha mavideo ya magrupu ya harusi, simu ikaona huu ndo muda wa kujiapdeti, mimi nipo foleni ya muhuri na sijagongewa hata huo muhuri, inaingia meseji salio lako ni shilingi sifuri. Kifurushi changu cha wiki kilikuwa na GB zaidi ya nne hazijaguswa! Zipo zinaniangalia. Nikapiga huduma kwa wateja nikiwa nimerudi, dada kwa upole kabisa akaniambia "kaka yangu, kifurushi chako ni cha kutumia Tanzania." Mtandao siutaji, na nadhani mwingine wowote ungenijibu hivyohivyo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba hili jambo lilishawahi kutatuliwa. Madogo hawajui, ila mwaka 2006 mtandao wa Celtel walianzisha One Network, Tanzania, Kenya na Uganda, unavuka na laini yako, unapokea simu bure, unanunua vocha ya nchi uliyopo unaikwangua inaingia. Hakuna roaming wala nini. Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel, na ile raha ikayeyuka njiani. Halafu mwisho wa 2014 kuingia 2015 Kenya, Uganda na Rwanda wakaanza mpango wao, kupigiana simu isizidi senti 10 za dola kwa dakika na ukiwa safarini kupokea ni bure. Tanzania wakati huo hatukuwemo. Kwahiyo Mkenya akishuka Kampala alikuwa anapokea simu ya mama yake hana presha, mimi nikishuka hapohapo nilikuwa nakata simu ya mama nampigia whatsapp.

Kenya sasa. Naipa 8, na nikiipa 8 Kenya mjue nimejikaza. Nilinunua laini kwenye kibanda River Road, passport ikapigwa picha, yule kijana akaniuliza "boss, uko hapa siku ngapi?" nikamwambia nne. "Basi weka kredo ya soo mbili ununue zile hazi-expire, zenye zitabaki utazipata ukirudi." Nikajua ananipiga. Nimerudi baada ya wiki tano MB zangu zipo! Safaricom walianza hivi vifurushi visivyo na mwisho Oktoba 2019 na kwa mtu wa safari kama mimi hakuna kitu kizuri kama hicho, ukihesabu MB kwa MB unaona ni ghali kuliko ya siku moja lakini hakuna inayotupwa. Hii ndo maana yangu ya kinakufa lini. Kodi nako ipo, tangu 2023 ushuru asilimia 15 na VAT 16 juu yake. Na wenzetu gharama ya kupokeana simu mitandao kwa mitandao ilishuka mpaka senti 41 za Kenya kwa dakika Machi 2024.

Ila sasa jaribu kutuma meseji ya kawaida kutoka laini ya Kenya kuja Dar. Meseji moja tu, "mzigo umetoka". Inakula hela ambayo ndani ya Kenya ungetuma meseji rundo. Hapo ndo nikaanza kujiuliza hii meseji ina nini ndani.

Ina nini? Haina kitu. SMS nzima ni baiti 140. Inapita kwenye ile njia ndogo ambayo simu na mnara wanaongelea wao kwa wao hata usipotuma chochote, ndo sababu ikawekewa herufi 160 tu. Ya kwanza kabisa ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, Neil Papworth alituma kheri ya krismasi kutoka kwenye kompyuta. Sasa chukua kalkuleta. GB moja unaweza kujaza meseji kama milioni 7. Shemeji yangu yupo Hamburg, kule Umoja wa Ulaya wameweka kikomo tangu Mei 2019 kwamba meseji kutoka nchi yao moja kwenda nyingine isizidi senti 6 za yuro kabla ya VAT, na wao wanajisifu hiyo ni bei ya kumlinda mlaji. Zidisha. GB moja ya meseji kwa bei hiyo ya huruma ni zaidi ya yuro laki nne. Laki nne, yuro! Wakati GB ya kawaida mtu ananunua na hela ya chai.

Na Marekani ndo ilikuwa balaa zaidi, kule anayetumiwa naye alikuwa anakatwa. Kati ya 2005 na 2008 makampuni makubwa manne yalitoka senti 10 yakafika senti 20 kwa meseji kwa asiye na kifurushi, mpaka seneta Herb Kohl akawaandikia barua wajieleze. Fikiria mtu anakutumia "mambo" na wewe unalipia.

Tukiacha hiyo, Ulaya kwenye kuvuka mipaka wametuacha mbali, hapa natoa 9. Tangu tarehe 15 Juni 2017 shemeji anatoka Hamburg anaenda Amsterdam, Paris, Roma na bando lake lilelile. Hajawahi kununua laini ya pili. Nikamsimulia ya Namanga akacheka sana, halafu mwaka jana akaenda kwa rafiki yake karibu na Basel, simu ikashika mnara wa Uswisi ambayo haimo kwenye huo umoja, akalia kama mimi. Nilicheka peke yangu dukani.

Uganda sina mengi, 6. Mtandao ni mzuri mjini, laini nilipata kwa passport. Wenyeji wenyewe wana hadithi yao, kuanzia Julai 2018 walikuwa wanalipa shilingi 200 zao kwa siku ndo whatsapp na facebook zifunguke, kila mtu akajifunza VPN, ile programu ya kukwepea kizuizi, mpaka 2021 ile kodi ikafa ikaja nyingine ya asilimia 12 kwenye data. Dubai mimi siendi ila jamaa yangu anayechukua mzigo Deira ananiambia simu ya whatsapp haitoki, meseji na voisi zinapita, ndo maana kila siku ananitumia voisi za dakika sita kama khutba.

Sasa mtasema kwanini nahangaika na SMS wakati kuna whatsapp. Kwasababu hela yote ya nchi hii inatembea kwa SMS bwana. Muamala ukiingia ni SMS, namba ya siri ya benki ni SMS, na wazee kijijini wana viswaswadu, zile simu ndogo za batani. Mwaka huu nilikuwa katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wangu, watu 150 nikawaandikia ukumbusho wa mchango, herufi 150 nimezihesabu, meseji moja kwa kila mtu, kifurushi kinatosha na chenji inabaki. Nikaweka na kaua pale mwisho. Kaua kamoja! Meseji zikaisha sijafika hata mtu wa 70, nikaanza kukatwa salio. Kumbe ukiweka emoji meseji inatoka herufi 160 inashuka 70, na ikigawanyika kila kipande kinabeba 67, kwahiyo yangu ilikuwa inahesabiwa tatu. Nikafuta ua, bado tatu. Nikakaa na fundi simu nusu saa nzima, tukagundua ni ile alama ya juu kwenye jina la ukoo wa bibi harusi, Wasukuma, jina linaanza na Ng'. Niliandika kwenye laptop, laptop ikaikunja ile alama ikawa ya mapambo, mtandao ukaihesabu sawa na emoji. Nikaiandika upya kwa kitochi, iliyonyooka, ikarudi moja. Shemeji zangu wapya hawajui kwamba jina lao limenigharimu.

Kwahiyo ninavyosafiri sasa hivi ni hivi. Tukifika Longido, kabla ya Namanga, nazima data na roaming ya data, salio naacha sifuri kabisa, hela yote inabaki kwenye akaunti ya simu sio kwenye vocha. Laini ya nyumbani haitoki kwenye simu maana meseji za benki nikiwa Nairobi zinaniingia na kuzipokea sijawahi kukatwa. Laini ya Kenya naiwasha nikishagongewa muhuri. Kumpigia mama ni whatsapp, na mama akiwa na kiswaswadu chake nampigia jirani. Kama kuna mtu ana mtandao wa hapa ambao kifurushi chake cha wiki kinavuka Namanga kikiwa hai bila kujiunga kitu kingine, aniambie, nipo njiani Alhamisi.