Ruta ya kugawana waifai: ipi ununue ukitaka kila mtu awe na kikomo chake

Wapangaji wanne wakichangia intaneti ya Mbps 20, kasi inawatosha kabisa. Kinachowaumiza ni mmoja kushusha sinema huku video ya masomo ya mtoto wa jirani ikizungukazunguka tu. Msikimbilie kuongeza kifurushi. Tafuteni ruta inayoweza kumwekea kila mtu kasi yake kwa namba, na mkifika dukani ulizeni hilo kabla ya bei. Muuzaji akianza kuwahesabia antena, nendeni duka lingine.

Kwa nyumba ya kupanga, naiweka mbele MikroTik, zile za hAP. Zinatumia RouterOS, mfumo uleule ulio kwenye vifaa vyao vikubwa, kwa hiyo hata ya bei ya chini inaweza kazi hii. Unaifunga anwani ya IP ya simu (namba yake kwenye mtandao wa nyumbani) kwenye DHCP, sehemu ya ruta inayogawa anwani hizo, isibadilike, kisha kwenye "Simple Queues", yaani foleni za data, unaiandikia kikomo, tuseme 2M/5M: namba ya kwanza ni kupakia, ya pili kupakua. Wengi hukwama hapa. Kikomo wameweka, wakipima, kasi iko vilevile. Chanzo ni sheria ya fasttrack inayokuja na ruta kwenye "Firewall". Hiyo hupitisha data bila kuigusa foleni. Izime, kikomo kitashika. Menyu zake ni nyingi na zinachosha, hivyo si aibu kumlipa fundi akupangie. hAP lite ina masafa ya 2.4 GHz tu na bandari za Mbps 100, inatosha kifurushi cha 20. Mtaa ukiwa umejaa waifai za majirani, ongeza hela uchukue hAP ac² au hAP ax² upate na 5 GHz.

Kama ni familia moja, ningeanza na ruta ya OpenWrt, mfumo huria wa ruta; kampuni ya GL.iNet huziuza zikiwa tayari na mfumo uliojengwa juu yake. Ukiweka SQM (programu ya kupanga foleni ya data), ukachagua njia yake ya CAKE na kuiwashia mgawanyo kwa kila kifaa, ruta yenyewe inagawa kwa haki kati ya vifaa, na asiyetumia fungu lake wenzake wanalifaidi. Huhitaji kumpangia mtu namba. Ila iandikie kasi ya chini kidogo ya ile unayopata kweli, mfano 18 kwa kifurushi cha 20, la sivyo foleni itajazana kwenye kifaa cha kampuni badala ya kwako.

Ruta ya Tenda inafuata, na kwa asiyetaka kuhangaika ndiyo nyepesi kuliko zote: inaorodhesha simu zilizounganishwa, unachagua kikomo pembeni. Angalia tu kipimo. Baadhi huandika KB/s, yaani kilobaiti, na baiti moja ni biti nane. Ukiandika 5000 ukidhani ni kilobiti, umempa mtu Mbps 40, zaidi ya kifurushi chenu kizima!

TP-Link naziweka mwisho kwa kazi hii peke yake. TL-WR840N nyingi zina "Bandwidth Control" inayokubali kikomo kwa IP, lakini ruta zao za Archer nyingi zina kipaumbele tu: unamtanguliza mmoja, huwezi kumzuia mwingine.

Yoyote utakayochukua, zima waifai ya boksi uliloletewa na kampuni, maana mwenye nywila yake ataikwepa ruta yako. Na kama mnatumia bando la GB, kikomo cha kasi hakitaliokoa: Mbps 5 ikitumika mfululizo kwa saa 24 inakula kama GB 54.

Halafu kuna simu zenyewe. iPhone tangu iOS 14 na Android tangu toleo la 10 huficha anwani halisi ya MAC (namba ambayo ruta hutambulia kifaa), na simu ikija na anwani mpya, ruta huiona kama mgeni asiye na kikomo. Mwambie kila mpangaji azime hiyo anwani ya faragha kwa waifai ya nyumbani, na kifaa chochote kisicho kwenye orodha kipe kikomo kidogo, Mbps 1 hivi. Mwenye nacho atakuja mwenyewe kukiandikisha.