Metropole XXI, Jakarta: Sinema ya Kiindonesia Pamoja na Watazamaji Wake

Mgeni wa Jakarta anayetaka kuona jinsi Waindonesia wanavyozipenda filamu zao hana haja ya kuanzia kwenye maduka makubwa ya kifahari, ingawa huko ndiko kumbi nyingi za sinema ziliko. Namshauri aende Metropole XXI, jumba la sinema lililoko eneo la Menteng, kwenye kona ya barabara za Diponegoro na Pegangsaan. Kutoka stesheni ya Cikini hadi hapo ni mwendo wa miguu, na treni ya mjini hutoza rupia 3,000 kwa kilomita 25 za mwanzo, fedha ambazo ni kidogo mno ukilinganisha na adha ya msongamano wa magari wa jioni.

Jengo lenyewe ni la kipindi cha kuzunguka mwaka 1949, mwaka ambao Uholanzi ilikabidhi rasmi mamlaka kwa Indonesia, na lilijengwa kwa mtindo wa usanifu wa Art Deco, likiwa na mnara mwembamba wa mbele unaoonekana kutoka mbali. Enzi za Rais Sukarno, majina ya kigeni yalipokuwa hayatakiwi, lilibadilishwa jina likawa Megaria, na wenyeji wengi wa makamo bado hulitaja kwa jina hilo. Leo limo katika orodha ya majengo ya urithi ya jiji. Ndani, ukumbi mkubwa wa zamani umegawanywa kuwa kumbi kadhaa zisizolingana ukubwa, kwa hiyo ni vyema kuitazama ramani ya viti kwenye programu ya simu kabla ya kulipa. Tiketi huzunguka rupia 50,000, na kwa kawaida siku za kazi huwa nafuu kuliko mwisho wa juma.

Mtandao wa majumba ya sinema wa XXI, ulioanza mwaka 1987, unamiliki zaidi ya nusu ya skrini zote za nchi hiyo, na filamu inayoonyeshwa Menteng siku ya leo huenda inaonyeshwa pia katika majumba yake mengine mengi. Kwa sababu hiyo, anayechagua jumba hachagui filamu, bali anachagua mahali na watu atakaokaa nao gizani. Hapo ndipo Metropole inapoyashinda mengi. Eneo lake liko karibu na vyuo, hospitali na makazi ya watu wa kila namna, na watazamaji wake ni mchanganyiko wa wanafunzi waliochangiana nauli, wafanyakazi waliotoka kazini na familia zilizokuja na bibi. Milango inapofunguliwa, tangazo la sauti ya kike huwaomba wenye tiketi waingie ukumbini. Kwa miaka mingi sauti hiyo ilikuwa ya mwigizaji wa sauti Maria Oentoe, na hakuna mpenzi wa sinema nchini humo asiyeweza kuyaghani maneno yake.

Filamu inayofaa kutazamwa hapa kuliko zote ni ya kutisha. Aina hii ndiyo uti wa mgongo wa sinema ya Indonesia: KKN di Desa Penari, ya mwaka 2022, inayohusu wanafunzi wa chuo wanaopelekwa kijijini kufanya kazi za kujitolea, ilitazamwa na watu wapatao milioni 10. Kutisha kwa filamu za aina hii hakutegemei damu. Kunategemea mwiko uliovunjwa, mganga aliyelipwa kwa siri, au pocong, maiti aliyefungwa sanda anayerudi kwa sababu mafundo yake hayakufunguliwa. Pocong anapotokea, ukumbi mzima hupiga ukelele, kisha kabla ukelele haujaisha watu huanza kujicheka. Msichana aliyejifunika uso kwa ncha ya hijabu huiteremsha taratibu, akachungulia kwa jicho moja, huku mwenzake akimsimulia kinachoendelea kwa sauti ambayo safu tatu zinaisikia. Mahali pengine kelele hizo zingeniudhi, lakini hapa ni sehemu ya onyesho. Kinachoniudhi ni mwanga wa simu, nao upo kila mahali.

Vichekesho vinampa mgeni kazi zaidi. Agak Laen, ya mwaka 2024, iliyovuka watazamaji milioni 9, ilizaliwa kutokana na podikasti ya wachekeshaji wanne, na nusu ya utamu wake umo katika lafudhi ya Kibatak ya Medan, jiji la kisiwa cha Sumatra, ambayo maandishi ya tafsiri chini ya skrini hayawezi kuibeba. Ukumbi unacheka, wewe unasoma. Mwenye watoto atafute katuni za kienyeji, kwani Jumbo ya mwaka 2025 ilivuka watazamaji milioni 10, na aangalie alama ya umri kwenye tangazo: SU ni ya rika zote, kisha hufuata 13+, 17+ na 21+.

Upande wa chakula, bisi za ndani hazina ajabu. Afadhali ule pempek za Megaria katika eneo hilohilo kabla ya kuingia, yaani maandazi ya samaki ya Palembang yanayoliwa na mchuzi mweusi wenye uchachu, utamu na pilipili. Usiingie nazo ukumbini, na usisahau koti jepesi, kwa maana viyoyozi vya majumba ya sinema ya Jakarta havimhurumii mtu.

Anayejali zaidi ukubwa wa picha aende kwenye skrini kubwa ya IMAX katika duka kubwa la Gandaria City. Metropole si mahali pake. Anayefuata filamu za kienyeji azingatie jambo moja: nyingi hutolewa Alhamisi, na isiyouza tiketi katika siku chache za mwanzo hupunguziwa skrini upesi, kwa hiyo asiisubiri wiki ya pili.