Nilimlipa mtu aje aangalie ukuta wangu

Kijivu cha kwanza nilikipaka mwenyewe, Jumamosi moja ya mwezi wa saba, kipande cha ukuta wa sebule ukubwa wa mlango wa friji. Jioni mtoto wangu mdogo akakitazama, akauliza kama tunafungua zahanati.

Nilikuwa nimekiona kwenye picha za zile fleti za Kilimani, hapa Nairobi, zinazokodishwa kwa siku, ambako kila kitu ni kijivu: kuta, makochi, zulia, na ua moja la plastiki la kupunguza huzuni. Kwenye picha kilipendeza sana. Kwangu Buruburu kilifanana na maji yaliyooshea sufuria.

Nieleze nyumba kwanza. Ni nyumba ya orofa, zile za mapaa ya vigae zilizojengwa miaka ya 1970, tuliyoachiwa na wakwe zangu waliporudi Mombasa. Sebule ni mita tano kwa nne. Dirisha ni moja kubwa, linatazama kusini, na jirani amejenga vibanda vya biashara mpaka ukingoni mwa ua, kwa hiyo nusu ya mwanga imeliwa na ukuta wake. Kuta zilikuwa krimu juu na rangi ya mafuta ya hudhurungi kuanzia kiunoni kwenda chini, kama korido ya shule ya msingi. Kochi ni damu ya mzee, la viti saba, tulilitengenezesha Barabara ya Ngong mwaka tuliooana na halijalegea hata kidogo. Kulibadilisha hakukuwa kwenye mazungumzo wala mfukoni.

Baada ya aibu ya kijivu, rafiki yangu wa kazini akaniambia kuna duka kubwa la rangi hapa mjini (jina silitaji, mbele utaona kwa nini) lenye mshauri anayekuja nyumbani. Ada ni shilingi 3,000 kwa M-Pesa kabla hajafika, na ukinunua rangi ya zaidi ya 15,000 wanakukatia hizo 3,000 kwenye bili. Mume wangu alicheka. "Umlipe mtu aje aangalie ukuta?" Nikamlipa.

Alikuja Jumanne saa tatu asubuhi, dada mmoja mpole, kwapani amebana mbao nyepesi zilizopakwa rangi, kila moja upana wa karibu nusu mita. Nilitegemea aanze kunionyesha kadi. Hakufanya hivyo. Alikaa kwenye kochi, akanyamaza dakika nzima akiangalia chumba, halafu akauliza:

"Dada, hili kochi linabaki?"

"Linabaki."

"Na taili?"

"Zinabaki."

"Basi leo hatuchagui rangi. Tunalitafutia kochi mwenzake."

Hapo nikaona huyu anajua kazi. Mimi wiki tatu nilikuwa nachagua rangi ninayoipenda, kana kwamba chumba ni kitupu.

Akachukua karatasi nyeupe ya kawaida, ya kuchapishia, akaibandika kando ya kijivu changu. Sijui nilitegemea nini, lakini papo hapo kile kijivu kikageuka samawati. Macho yangu mwenyewe. Akanieleza kwamba rangi hizi tulivu, kijivu, krimu, rangi ya mchanga, karibu zote zina rangi nyingine imelala chini yake: samawati, kijani, waridi, manjano. Ukiitazama peke yake huioni. Ukiiweka karibu na nyeupe, inajitoa. Na ukiiweka karibu na kochi la damu ya mzee, ile samawati iliyolala inaamka kabisa, ndiyo ikatupa zahanati.

Jambo la pili lilikuwa dirisha. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya mwaka jua linapita upande wa kaskazini, na mwisho wa mwaka linahamia kusini. Dirisha langu mwezi wa saba haliguswi na jua, na isitoshe ndiyo miezi ya baridi na mawingu. Mwanga wa mawingu wenyewe umeegemea samawati. Nimeishi mji huu miaka yangu yote na sikuwahi kuunganisha hayo na kopo la rangi. "Ungeipaka mwezi wa kumi na mbili ungeipenda," akasema, "halafu Juni ungeichukia."

Nyuma ya kadi zao kuna namba ndogo ambayo huwa siitazami, kati ya 0 na 100, inayoonyesha rangi inarudisha mwanga kiasi gani. Nyeusi kabisa ni 0, nyeupe kabisa ni 100. Kijivu changu kilikuwa arobaini na kitu. Kwa sebule yenye dirisha moja na jirani mjenzi, yeye alitaka tupite 60 kwa kuta tatu, na ukuta wa televisheni tuuache uwe wa rangi nzito tunavyotaka, maana hauna dirisha na televisheni yenyewe ni pande jeusi. Ukiweka pande jeusi kwenye ukuta mweupe, jicho halitulii.

Aliniachia mbao nne kwa siku mbili. Masharti yake: zisibandikwe, zihamishwe. Asubuhi karibu na dirisha, saa kumi kwenye kona ya ngazi, usiku chini ya taa, na kila mara nyuma ya kochi, si kwenye ukuta mtupu. Ndizo siku mbili nilizojifunza zaidi kuliko wiki zote za kutazama picha. Ubao mmoja niliokuwa nimeuapia asubuhi, kufikia saa moja usiku ulikuwa umegeuka waridi kama peremende. Mwingine niliokuwa nimeudharau ulibaki vile vile mchana kutwa, mtulivu, haunisumbui. Ndio tuliochukua.

Kwenye kadi rangi hiyo ina jina la Kizungu la maneno matatu na namba. Nyumbani tukabishana kidogo. Mimi nasema ni chai ya maziwa ambayo mwenye nyumba amebania majani. Watoto wanasema ni uji. Kwa ukuta wa televisheni tukachagua kijani kizito, ambacho mume wangu anakiita sukuma iliyoiva kupita kiasi, na hajakosea.

Sasa lawama. Kabla ya ushauri wa nyumbani duka linakuhimiza upakue programu yao ya simu: unapiga picha ukuta, unagusa rangi, ukuta unageuka. Msipoteze data yenu. Rangi ile ile, picha ile ile, kwenye simu yangu ilikuwa krimu na kwenye ya mume wangu ilikuwa manjano ya mandazi, kwa sababu vioo vya simu havifanani na mwangaza nimeupunguza mimi yeye kaupandisha. Yule dada mwenyewe alikiri hiyo programu ni ya kufurahisha watoto.

Lawama kubwa ni dukani kwenyewe. Hesabu ilikuwa sawa: kuta tatu, ukitoa dirisha na mlango, ni kama mita 27 za mraba, lita moja inafunika karibu mita kumi za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, mikono miwili ni lita tano na nusu, kwa hiyo makopo mawili ya lita nne. Kijani kopo moja. Undakoti, ile rangi ya kutangulia chini, kopo moja. Lakini tawi nililokwenda lilikuwa na kopo moja tu la rangi ya msingi, ile nyeupe wanayoidondoshea dawa za rangi kwa mashine. Kopo la pili wakasema litachanganywa tawi lao lingine, namba ni ile ile, mashine ni ile ile, nisiwe na shaka. Sikuwa na shaka.

Fundi wangu ni mzee aliyepaka nusu ya mtaa wetu. Siku mbili alisugua ile rangi ya mafuta kwa msasa na maji, si kikavu. Mshauri alikuwa ameuliza nyumba ni ya mwaka gani, na aliposikia miaka ya 1970 akaonya: rangi za mafuta za zamani huenda zina madini ya risasi, vumbi lake si la kuvutwa, hasa na watoto. Leo kiwango kinachoruhusiwa nchini ni sehemu 90 tu kwa milioni, lakini ukuta wangu haukujua hayo. Watoto nikawapeleka kwa dada yangu Donholm. Na rangi ya mafuta isiposuguliwa mpaka ikapoteza mng'ao, rangi ya maji unayoweka juu inabanduka kama ganda la kitunguu, hata uweke ya bei gani.

Mkono wa kwanza ukapita vizuri. Mkono wa pili fundi akamalizia kopo la kwanza kwenye ukuta wa ngazi, akaingia ukuta wa dirisha, katikati likamwishia, akafungua la pili. Nikamsikia anaguna.

"Mama, hizi umezinunua pamoja?"

"Namba ni moja, fundi."

"Tungezimwaga kwenye ndoo moja kwanza."

Nikamwambia aendelee, ilikuwa saa kumi na nataka nyumba yangu. Rangi hii ya maji ikiwa mbichi huonekana imepauka kuliko ikikauka, kwa hiyo jioni ile hatukuona kitu. Kesho yake saa tatu, mwanga ulipoingia, kulikuwa na mstari wima katikati ya ukuta, mnyoofu kama mkunjo wa suruali iliyopigwa pasi. Kushoto chai ya maziwa. Kulia chai ya maziwa iliyotiwa binzari.

Nilipiga picha, nikapeleka kifuniko cha kila kopo dukani. Kijana wa kaunta akaniambia rangi "itajisawazisha" ikikaa wiki. Nikamuuliza hiyo elimu kaipata wapi. Akaitwa meneja, meneja akadondoshea matone ya makopo yote mawili kwenye karatasi moja, akayakausha kwa feni, akanyamaza. Wakanipa kopo jipya bila malipo. Siku ya ziada ya fundi, shilingi 1,800, wakakataa kuilipa, na mpaka leo hilo linaniuma kuliko ule mstari.

Fundi akachukua ndoo ya lita 20, akamimina kila kilichobaki na kopo jipya, akakoroga kwa kijiti muda mrefu huku akipiga hadithi, akapaka upya kuta zote tatu kutoka ndoo moja. Mstari ukapotea. Hakuniambia "nilikuambia". Aliniomba chai, ya rangi.

Kuhusu mng'ao nitasema kidogo. Kuta tatu tuliweka silk, ile yenye mng'ao kidogo, kwa sababu ya mikono ya watoto na kitambaa chenye maji, ingawa inaonyesha kila bonde na kila kilima cha plasta ya kizamani. Ukisimama kando ya dirisha unaona ramani. Kijani tuliweka ile isiyong'aa, ili televisheni na taa zisijirudie ukutani. Hii ya pili ningeirudia popote. Ile ya kwanza ni suluhu tu na watoto.

Na taa! Hapa ndipo ilinibidi nimpigie mshauri tena, na akapokea, bila kuniomba ada nyingine. Usiku wa kwanza kijani kilionekana kama sare ya shule. Akaniuliza balbu zimeandikwa namba gani kwenye boksi. Zilikuwa 6500, zile nyeupe kali zinazojaa madukani kwetu. "Tafuta 3000, zenye mwanga wa umanjano." Nikanunua nne mtaani, nikabadilisha, chumba kikatulia. Kochi, ambalo miaka yote nililiona kama mzigo, likakaa pale kana kwamba ukuta ulijengwa kwa ajili yake. Mapazia ya rangi ya mchanga nikayatafuta Eastleigh, nikashusha bei nusu saa nzima, na viondo viwili vya mama yangu vikatoka chumbani vikapanda ukutani. Vitu vipya ni mapazia na balbu. Vingine vyote vilikuwepo.

Mwezi wa kumi na mbili mama mkwe akaja kutoka Kisauni, Mombasa. Jua limehamia kusini, linaingia asubuhi mpaka miguuni mwa kochi, na ukuta umekolea kidogo, umepata wekundu wa mbali. Alikaa, akavua viatu, akaangalia juu chini kwa muda.

"Mwanangu, hii ni maji ya kunde."

Ubishi ukaisha. Ndilo jina lake sasa.

Kwa wanaouliza kama ile 3,000 inafaa: kwa yule dada na mbao zake, inafaa, na ningelipa hata isingekatwa kwenye bili. Kwa duka lenyewe nawapa nusu ya alama. Nikirudi, makopo yote yatachanganywa siku moja, tawi moja, na nitaomba yafunguliwe pale pale kaunta, watu wa nyuma kwenye foleni wanisamehe. Chumba cha watoto kinafuata Aprili shule zikifungwa. Wameshasema wanataka zambarau.